Koti la nta la Barbour Beaufort: vazi la safari linalodai matunzo

Koti la Beaufort la kampuni ya Barbour halimvutii mtu mara ya kwanza anapolitazama. Likiwa jipya, kitambaa chake cha rangi ya zeituni ni kizito na kigumu mabegani, lina harufu ya nta ambayo haijifichi, na ukilishika huacha utando mwembamba kwenye ncha za vidole. Hata hivyo, baada ya kulivaa misimu kadhaa ya baridi kaskazini mwa Uingereza, na pia kwenye manyunyu ya Njombe kila ninapopata nafasi ya kurudi nyumbani, nimeridhika kwamba hili ni mojawapo ya mavazi machache ya kiume ya kazi na safari ambayo bei yake inaweza kutetewa, kwa kuwa limeshonwa na watu waliotarajia kwamba siku moja litachakaa, litarudishwa kwa fundi, na litavaliwa tena.

Kampuni yenyewe ilianzia bandarini, mbali na maduka ya mitindo. Mwaka 1894 John Barbour, Mskoti aliyetoka Galloway, alifungua duka South Shields, mji ulio kwenye mlango wa mto Tyne, akawauzia mabaharia, wavuvi na wafanyakazi wa gati makoti ya kuzuia maji. Ujuzi wa makoti ya namna hiyo ulikuwa umetoka kwenye vyombo vya matanga, kwa sababu mabaharia walikuwa wamekwisha kuona kwamba tanga lililopakwa mafuta hushika upepo vizuri na halinywi maji, nao wakawa wanakata matanga yaliyochakaa na kujishonea mavazi. Mafuta ya mbegu za kitani waliyotumia yalikakamaa kwenye baridi na kugeuka manjano kadiri siku zilivyopita, na ndiyo maana pamba iliyotiwa nta ya parafini, iliyoenea katika miaka iliyozitenganisha vita mbili kuu za dunia, ilipokelewa kama ukombozi: ilikuwa laini zaidi, nyepesi zaidi, na haikuvunjika mikunjo.

Kufikia mwaka 1908 duka lile lilikuwa na katalogi ya kuagizia bidhaa kwa posta, na baadaye maagizo yalikuja kutoka mbali kama Afrika Kusini, Chile na Hong Kong. Mjukuu wa mwanzilishi, Duncan Barbour, aliyependa sana pikipiki, alitoa mwaka 1936 suti ya waendesha pikipiki iliyoitwa International, na wakati wa Vita ya Pili ya Dunia nahodha George Phillips wa nyambizi HMS Ursula aliichukua suti ya namna hiyo na kuifanya vazi la mabaharia wake, likajulikana kwa jina la nyambizi hiyo. Mwaka 1964 mwigizaji Steve McQueen na wenzake wa timu ya Marekani walivaa makoti ya International katika mashindano ya pikipiki ya siku sita yaliyofanyika Ujerumani Mashariki. Hayo yote ni sifa nzuri za kuvutia wanunuzi, lakini mtu ninayemwona kuwa na mchango mkubwa zaidi katika koti ninalolijadili ni Margaret Barbour, mwalimu wa zamani aliyeingia katika kampuni baada ya mumewe kufariki mwaka 1968 na kuwa mwenyekiti wake mwaka 1972. Ni yeye aliyebuni Bedale mwaka 1980, kisha Beaufort mwaka 1983, akilichukua koti la wakulima na wawindaji na kulikata kwa namna ambayo mtu angeweza kulivaa shambani asubuhi na mjini jioni bila kuonekana kituko.

Ubora wa koti hili unaanzia kwenye kitambaa. Pamba inayotumika inaitwa Sylkoil, na nyuzi zake za juu hazikunyolewa, hivyo uso wake una vinyweleo laini vinavyofanya rangi ionekane kana kwamba imekwisha kupigwa na jua. Nta hujaza nafasi zilizo kati ya uzi na uzi, na pamba yenyewe, ikipata unyevu, huvimba na kuziba nafasi zilizobaki. Kwa hiyo mvua inapoanza, matone hukaa juu ya mkono wa koti yakiwa mviringo kamili, huteleza kuelekea kwenye upindo, na kuanguka chini. Mvua ikizidi, kitambaa huwa cheusi na hupoa mwilini, lakini maji hayapiti upesi. Faida ambayo makoti ya nailoni hayawezi kuitoa inaonekana kwenye miiba na seng'enge: nailoni huchanika moja kwa moja, ilhali pamba hii huacha mwiba uteleze, na ukifanikiwa kuichana, tundu hubaki mahali pake bila kukimbia.

Namna lilivyoshonwa inastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa kila kitu kina kazi. Ukosi ni wa kodrai ili usikwaruze shingo pale nta inapokakamaa. Zipu ni pana, ya shaba ya njano, yenye pete kubwa ambayo unaweza kuivuta ukiwa umevaa glavu, nayo hufunguka kutoka juu na kutoka chini, jambo ambalo huligundua thamani yake unapokaa kwenye gari au unapopanda ngazi ndefu. Juu ya zipu kuna ukingo wa kitambaa unaofungwa kwa vifungo vya chuma vya kubonyeza, ili upepo usipite katika meno. Mifuko miwili mikubwa ya mbele imetanuliwa pembeni na ina vifuniko. Juu yake kuna mingine miwili ya kupashia mikono joto, ambayo ndani imewekwa kitambaa laini. Makwapani kuna vitundu vyenye pete za chuma vya kutolea joto. Bitana ni ya pamba yenye mirabaraba ya Kiskoti.

Mfuko ninaoupenda kuliko yote uko nyuma, ukizunguka upana wote wa kiuno na kufunguka kwa pembeni. Uliwekwa kwa ajili ya ndege waliopigwa katika uwindaji, na kwa sababu hiyo ndani yake una bitana ya nailoni inayofutika, ili damu na matope visilowe kwenye koti. Mimi siwindi. Lakini katika matembezi ya Kitulo, kwenye uwanda ule wa maua ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, ambako mvua hunyesha hasa katika msimu uleule ambao maua huchanua, mfuko huo umebeba ramani, chupa, soksi mbichi na mahindi ya kuchoma yaliyofungwa kwenye gazeti, na koti halikupoteza umbo lake mbele.

Kuna mahali ambapo silipendekezi kabisa. Dar es Salaam na Mombasa zisahau: katika joto la pwani nta hulainika, huhamia kwenye kiti cha daladala na kwenye shati la abiria aliye jirani yako, na jasho hukosa pa kutokea. Hata kwenye nyanda za juu, mtu anayepanda mlima kwa kasi atalowa kwa ndani kabla mvua haijamlowesha kwa nje, kwa kuwa kitambaa hiki hakipumui sana. Kwa Kilimanjaro, ambako safari huanzia kwenye msitu wenye mvua na kuishia kwenye barafu mita 5,895 juu ya bahari, koti lenye uzito unaozidi kilo moja, linalozidi kuwa zito likilowa na kukakamaa kwenye baridi kali, ni mzigo. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu watu wema hupeleka Moshi makoti yao ya zamani ili wapewe wapagazi. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi KPAP, umekuwa ukiwaazima bure mavazi ya mlimani tangu miaka ya 2000, na anayetaka kumsaidia mpagazi ampelekee koti jepesi lisilopitisha maji, la kitambaa cha kisasa, hili la nta alibakize kwa matembezi ya polepole, kazi za shambani, uvuvi wa mtoni na safari za pikipiki.

Sasa matunzo, ambayo kwangu ndiyo kiini cha koti hili. Halifuliwi kwa mashine, halipelekwi kwa dobi, wala haliguswi na sabuni, kwa kuwa sabuni huitoa nta na ikishatoka haiwezi kurudi kama ilivyokuwa. Tope likikauka hupigwa brashi, kisha koti hupanguswa kwa sponji na maji baridi. Baada ya mwaka mmoja hivi wa kuvaliwa, utaona mabegani, viwikoni na kwenye mikunjo ya mifuko rangi ikiwa imepauka na kitambaa kimekuwa kikavu kama pamba ya kawaida. Hapo ndipo linapohitaji nta mpya.

Kazi hiyo hufanyika vizuri zaidi siku ya jua. Kopo la nta huwekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto mpaka nta iyeyuke na kuwa kama mafuta. Koti hutandazwa juu ya meza iliyofunikwa magazeti. Kisha nta hupakwa kidogo kidogo kwa sponji au kitambaa ambacho hutakitumia tena, ukianza na mishono, kwa sababu maji huingia kwanza kupitia matundu ya sindano. Kitambaa kilichopauka huinywa nta na kuwa cheusi mbele ya macho yako, na mara nyingi utaona madoa ya nta iliyoganda juu juu. Pitisha draya ya kukaushia nywele taratibu, na madoa yatazama. Ukosi wa kodrai, bitana na ndani ya mifuko visiguswe. Baadaye koti huning'inizwa usiku kucha mahali penye joto, mbali na nguo nyingine, na mwenye nyumba asilaumiwe akikataa lisiwekwe sebuleni.

Asiyetaka kazi hiyo anaweza kulirudisha kiwandani. Barbour hupokea kila mwaka maelfu ya makoti kutoka kwa wenyewe, huyatia nta upya, hubadilisha zipu na bitana, hutia viraka kwa kitambaa cha namna ileile, na kuyarudisha. Huduma hiyo hulipiwa, na kwa aliye Afrika Mashariki gharama ya posta hufanya isiwe na maana, lakini fundi cherehani mwenye mashine nzito ya kushonea turubai au viatu anaweza kufanya sehemu kubwa ya matengenezo hayo. Mkumbushe tu kupangusa nta mahali pa mshono kabla ya kushona, la sivyo sindano itanata na uzi utakatika, na amalize kwa kupaka nta juu ya mshono mpya.

Bei ya koti jipya inazidi pauni 200, yaani zaidi ya laki sita za Kitanzania kabla ya usafiri na ushuru. Ni fedha nyingi, na ninaelewa kabisa mtu atakayesema kwamba kwa kiasi hicho mtoto anasomeshwa. Ndiyo sababu ninashauri kwa moyo wote lililotumika. Langu lilikwisha kuvaliwa na mtu mwingine kabla yangu, na viwiko vyake vilikuwa vimekwisha kulainika kwa namna ambayo koti jipya hulazimika kusubiri miaka. Makoti haya hupatikana katika maduka ya hisani ya Uingereza kwa bei iliyo chini sana ya mpya, na mara mojamoja hutokea kwenye marobota ya mitumba, ambako muuzaji asiyelijua huliona kuwa koti chafu linalonata.

Ukilikuta sokoni, lisikutishe kupauka, kwa maana hilo linaponywa na kopo moja la nta. Linalotisha ni koti lililofuliwa kwa sabuni na maji ya moto: kitambaa chake huwa laini mno, chenye mawimbi kwenye mishono, na mara nyingine huwa na harufu ya uvundo ambayo haitoki. Ligeuze ndani utazame bitana ya makwapani, kwani hapo ndipo huchakaa kwanza. Kunja upindo wa mikono na ukingo wa mifuko uone kama nyuzi zimekatika. Jaribu zipu kutoka juu na kutoka chini. Soma pia lebo, kwa sababu makoti ya nta ya asili hushonwa South Shields, katika kiwanda cha Simonside, ilhali bidhaa nyingine nyingi zenye jina hilohilo hutengenezwa kwingineko, na baadhi yake si za nta kabisa.

Kwa anayechagua kati ya Beaufort na ndugu yake Bedale, tofauti ni za matumizi. Bedale ni fupi, lilikatwa kwa ajili ya wapanda farasi, na lina mipasuo miwili nyuma inayomruhusu mtu kukaa bila koti kukunjamana kiunoni. Mikononi lina vizuizi vya ndani vya kitambaa cha kufuma vinavyobana kifundo. Kwa mwendesha pikipiki wa Makete au Limuru, anayetoka nyumbani alfajiri ukungu ukiwa bado chini, nitamwambia achukue Bedale bila kusita. Anayetembea kwa miguu na anayebeba vitu achukue Beaufort, alijaribu akiwa amevaa sweta nene, na anunue kofia yake kabisa siku hiyohiyo, maana haiji pamoja na koti na bila hiyo mvua itaingia kupitia ukosini hata kama sehemu nyingine yote imetiwa nta jana.