Miwani ya kuzamia ya kwenda nayo Matema: angalia mpira kabla ya kioo

Sikukuu zikikaribia na watu wa Mbeya wakianza kushuka Kyela, napokea lalamiko lile lile: "Dada, miwani inaingiza maji." Mtu kalipa nauli, kapita Tukuyu na Ipinda hadi Matema, kaifuata miamba ya upande wa Lyulilo ambako Milima ya Livingstone inaingia ziwani. Chini yake wanapita samaki wa mapambo, wa buluu na wa njano, na yeye yuko juu anamwaga maji kwenye miwani. Inaniuma sana. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine duniani, na wengi wanaishi kwenye miamba ya karibu na ufukwe. Huhitaji boti. Unahitaji miwani isiyovuja.

Kwa hiyo sizungumzii rangi wala umbo. Nazungumzia mpira, ule unaokaa usoni. Miwani mingi ya madukani kwetu ina mpira wa plastiki laini hata kama boksi limeandikwa silikoni. Dukani huoni tofauti. Ngoja ikae kabatini Juni na Julai, kwa baridi yetu hii ya Mbeya na Makete: plastiki inakakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki ngozi. Ukunje kwa vidole, kisha uachie. Silikoni inarudi papo hapo na haina harufu. Plastiki inarudi kwa uvivu na inanuka kama ndala mpya. Halafu weka miwani usoni bila kuvaa mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, achia mikono. Ikidondoka, irudishe kwa muuzaji hata kama kapunguza bei. Wenye misuko, angalieni pembeni ya paji la uso: nywele chache tu zikipita chini ya mpira, maji yanaingia. Wenye sharubu nene wana tabu hiyo hiyo chini ya pua.

Ya kwanza kwangu ni Cressi, na sifichi kwamba naipendelea. Ni Waitaliano wa Genova, wako kwenye kazi hii tangu 1946, na mwaka 1952 walitoa Pinocchio, miwani yenye mfuko wa pua. Mfuko huo ndio unaokuwezesha kubana pua na kuzibua masikio unapozama. Leo nashauri F1 yao: haina fremu, kioo kimeshikana na mpira moja kwa moja, kwa hiyo sehemu za kuvujia ni chache na begini haijazi nafasi. Ikiwa mpya, sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno, maana utando wa kiwandani ndio unaoleta ukungu.

Ya pili ni Mares, Waitaliano pia. Nyuso hazifanani, kama Cressi haikushiki, chukua hii bila wasiwasi.

Ya tatu, kwa mbali, ni zile zinazofunika uso mzima, zilizovuma baada ya Decathlon, kampuni ya Kifaransa ya vifaa vya michezo, kuleta Easybreath mwaka 2014. Zinafaa kuelea na kutazama chini, basi. Pua huwezi kuibana, kwa hiyo usizame nazo. Nakala zisizo na jina usimpe mtoto kabisa, kwa sababu hewa uliyoitoa inaweza kubaki ndani ukaivuta tena.

Za bei ya chipsi kuku ni za bwawa la hoteli. Na miwani ya kuogelea isiyofunika pua haizamiwi, shinikizo la maji litaumiza macho.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji wetu. "Sister, hii orijino," halafu boksi halifunguliwi mpaka ulipe, na ukishalipa hairudishwi. Kioo kisicho na neno TEMPERED pembeni (yaani kilichoimarishwa) kinauzwa bei ile ile ya kioo cha usalama, na ukiuliza unaambiwa vyote ni vioo. Mteja anapimishwa kiatu kabla ya kulipa. Kwa nini hiki cha kuingia nacho majini asikijaribu? Wanaokataa kufungua boksi, waacheni na boksi lao. Kama una ndugu Dar, mpigie simu ya video akiwa dukani, aukunje mpira mbele ya kamera na kukusomea maandishi ya kioo, ndipo umtumie pesa na yeye aupakie mzigo kwenye basi la Mbeya.