Kitabu cha michoro ya miambani ya Kondoa

Kitabu cha picha hustahili kupendekezwa pale picha zake zinapofanya kazi isiyowezwa na maneno, na kwa kipimo hicho kitabu cha mwanaakiolojia Mary Leakey cha mwaka 1983 kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa, katikati ya Tanzania, bado kina thamani kubwa. Nakala zilizotokana na kazi yake ya mwaka 1951 huonyesha wazi wanyama na watu wembamba wa rangi nyekundu, ambao mgeni anayesimama leo Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro hiyo, huwatafuta kwa shida, kwa kuwa sehemu ya michoro imefifia. Maelezo yake, bila shaka, yametangulia uamuzi wa UNESCO wa mwaka 2006 wa kuyaorodhesha maeneo hayo kuwa Urithi wa Dunia. Kwa msomaji wa Dodoma kikwazo ni kwamba kimeandikwa kwa Kiingereza, ingawa michoro yenyewe haihitaji mkalimani.