Diplomacy au An Ideal Husband?

Zote mbili ni tamthilia zilizoigizwa London enzi za Malkia Victoria, na zote zimejaa siri za serikali, mapenzi na mwanamke mwenye hila. Diplomacy (1878) ilitoholewa kutoka Dora ya Mfaransa Victorien Sardou: hati inaibwa, bi arusi anashukiwa ujasusi, na mwizi halisi anaumbuliwa na manukato yake mwenyewe. Fumbo limesukwa vizuri, ila kucheka ni kwa nadra.

Oscar Wilde, katika An Ideal Husband (1895), anakuja kivingine. Sir Robert Chiltern, naibu waziri wa mambo ya nje, aliwahi kuuza siri ya hisa za Mfereji wa Suez. Sasa Mrs Cheveley anayo barua ya ushahidi, na anamtaka autetee bungeni mradi wa kitapeli wa mfereji huko Argentina. Utamu uko pale Lord Goring, rafiki wa Chiltern, anapomvisha Mrs Cheveley mkononi bizimu ya almasi kama bangili. Kumbe bibi huyo aliiiba zamani, na hajui inavyofunguliwa! Anavuta, anahangaika, anatukana. Ustaarabu wote kwisha.

Kwa kikundi cha jukwaani, ningechukua ya Wilde bila kusita. Ile nyingine wapewe wapenzi wa upelelezi.