Chaja ya wati 65: tazama laptopu inavyokatiwa stima ukichomeka simu

Assalaam aleikum ndugu zangu, karibuni tena, leo tuko Langoni, hapa Lamu mjini. Kitu chenyewe hiki hapa: chaja ya wati 65, matundu mawili ya USB-C na moja la USB ya zamani. Jina la kampuni nimelifunika kwa utepe, maana tatizo nitakalowaonyesha liko kwenye chaja nyingi za aina hii.

Kwanza tazameni udogo wake. Wallahi naupenda! Chaja ya laptopu nzima, na inakaa kiganjani kama kipande cha halua. Kwenye chipu za umeme ndani wametumia galiamu naitridi badala ya silikoni. Inawasha na kukata umeme kwa kasi kubwa zaidi, inapoteza stima kidogo kwa joto, ndiyo maana koili za ndani zimeweza kuwa ndogo. Lile tofali la zamani nimeshaliaga. Mengine yameandikwa kwenye boksi, mnayajua, tusipoteze muda.

Sasa sogeeni. Hiki kidude chenye kioo ni kipimo cha USB-C, nimekiweka kati ya chaja na waya wa laptopu. Someni na mimi: volti 20, ampi 2.8, wati 56. Safi kabisa. Mkono huu nina waya wa simu. Simu tu, si kitu kikubwa. Naichomeka tundu la pili... mmeona? Mmekiona kioo? Kimezima! Kinarudi, volti 5... sasa 20. Na taa ya kuchaji kwenye laptopu nayo ilizimika. Haya, naichomoa simu. Imekata tena! Ukichomeka inakata, ukichomoa inakata.

Ngojeni punda wapite... haya.

Sababu ni hii. Chaja na laptopu huzungumza kupitia waya. Chaja hutaja volti ilizo nazo, 5, 9, 15, 20, laptopu ikachagua inayoitaka. Kikija kifaa cha pili, zile wati 65 lazima zigawanywe. Hii inabakisha 45 kwa laptopu na 20 kwa simu. Lakini haipunguzi taratibu. Inakata kotekote, halafu mazungumzo yanaanza upya.

Laptopu ina betri, haitajali. Je, Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja? Haina betri. Umeichomeka hapa kwa sababu tundu lilikuwa wazi, mdogo wako anakuja kuchaji simu, Pi inazima papo hapo huku inaandika kwenye kadi yake ya kumbukumbu. Ndivyo mafaili yanavyoharibika! Na nyinyi mnaopitisha stima kwenye habu, kile kidude cha kuongeza matundu ya laptopu, yenye diski ya nje, diski inaweza kujitoa katikati ya kunakili. Picha za harusi ya mtu ziko mle, jamani. Hili linaniudhi kweli, na kwenye boksi hawakuandika hata neno moja.

Na waya je? Waya wa kawaida wa USB-C unabeba ampi 3. Kwa volti 20 hiyo ni wati 60, basi. Ukitaka 65 kamili lazima uwe na waya wa ampi 5, ule wenye chipu ya kujitambulisha. Huu uliokuja na chaja ni wa ampi 3. Yaani umelipia 65, ukapewa waya wa 60!

Bei nimelipa shilingi 3,500, pamoja na nauli ya mzigo kwa basi kutoka Mombasa hadi Mokowe na boti ya kuvuka. Tangu Apple waache kutia chaja kwenye boksi la iPhone mwaka 2020, na wengine wakafuata, kila nyumba inataka chaja moja ya kufanya yote. Nao Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwenye simu mpya tangu mwisho wa 2024, kwa hiyo hizi zitazidi kujaa madukani.

Sasa, niirudishe? Hapana. Kwa safari ya Malindi, laptopu moja na simu moja, bado naibeba hii, uzito wake hausikiki kwenye mkoba. Kwa meza yenye Pi au diski, siishauri hata kidogo. Pi ipeni chaja yake peke yake. Na mkiwa dukani fanyeni hivi: chomeka simu yako, halafu mwambie muuzaji achomeke yake tundu la pili. Simu yako ikilia tena ule mlio wa kuanza kuchaji, umeshajua ni za namna hii.

Kabla sijasahau, kuanzia mwezi ujao video zitatoka Jumamosi baada ya isha. Inayofuata ni chaja ya wati 100 niliyoazimwa na jamaa wa Shela. Anadai yake haikati. Nitaipima kwa kipimo hiki hiki mbele yenu, bonyezeni kengele.