Soksi za marinda ya kroshia na shanga: uzuri wake usikufanye usahau kuvuta mdomo

Ukipita maduka ya nguo za watoto Kariakoo, au Biashara Street kule Nairobi, soksi hizi huzikosi: soksi nyeupe ya kawaida, mdomoni imefumwa marinda ya kroshia, na kwenye marinda zimepangwa shanga. Watu huzinunua kwa ajili ya arobaini, akika au ubatizo. Nyingi zinapendeza machoni. Zinazovalika ni chache, na kasoro karibu zote zinaanzia sehemu moja.

Kabla ya kuulizia rangi, ingiza vidole viwili mdomoni mwa soksi uvute. Mdomo wa soksi ya mtoto wa miezi 0 hadi 3 ukilala una mzunguko wa sentimita 10 hadi 11. Kumvisha mtoto ni lazima ufunguke hadi kama sentimita 16, maana unapitisha kisigino chake pamoja na vidole vyako. Soksi yenyewe inavutika. Uzi wa pamba wa kroshia hauvutiki. Fundi akifuma juu ya mdomo uliolala, marinda yanakuwa pete ngumu. Mama atalazimisha, na hapo ama uzi utakatika, ama soksi itachanika pale sindano ilipopita, ama itaacha alama nyekundu kwenye kifundo cha mguu. Soksi ya namna hiyo usiinunue hata ikishushwa bei, kwa sababu hairekebishiki bila kufumuliwa yote.

Fundi anayejua kazi huuvalisha kwanza mdomo wa soksi kwenye kopo au chupa yenye kipenyo cha sentimita 5. Hiyo inampa mzunguko wa karibu sentimita 16. Mdomo ukiwa umetanuka hivyo, anazungusha mshono wa blanketi (mshono wa ukingoni, ambao kroshia itashikia) kwa sindano ya kushonea, hatua 36, kila moja kama milimita 4 na nusu. Idadi hiyo ina sababu. Kombe moja la marinda, yaani wimbi moja lenye umbo la gamba, hula hatua 6: fundo fupi moja la kroshia, ruka mbili, mafundo marefu matano kwenye tundu moja, ruka mbili. Kwa 36 unapata makombe 6 kamili. Ukiona soksi ambayo kombe la mwisho limebanwa au limeachwa nusu, ujue mshono wa chini haukuhesabiwa. Soksi ikitolewa kwenye kopo, mdomo unarudi na marinda yanajikunja yenyewe. Ule mkunjo ndio urembo unaotafutwa.

Uzi unaofaa ni wa pamba namba 10, na sindano ya kroshia ya chuma ya milimita 1.25 hadi 1.5. Mita 4 hutosha soksi moja, mikia ikiwemo. Sufi nene ya masweta haifai hapa, kwani marinda yake huwa mazito na mdomo unainama. Uzi mwekundu au wa zambarau ujaribu kwanza: ulowanishe, uufinye ndani ya kitambaa cheupe. Ukiacha rangi kitambaani, utaacha na kwenye soksi.

Sasa shanga, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Shanga za kioo za Ucheki, zile zile wanazotumia mafundi wa shanga za Kimaasai, ndizo bora: rangi nyingi hazitoki kwa sabuni na tundu lake ni laini. Chukua saizi 8/0, yenye upana wa milimita 3 hivi; namba ya mbele ikipanda, shanga inakuwa ndogo. 11/0 ni ndogo mno, uzi namba 10 haupiti. 6/0 inapitisha uzi bila shida, ila kwa soksi ya mtoto mchanga inaonekana kubwa. Lulu za plastiki zilizopakwa rangi zinang'aa dukani, lakini ngozi yake hubanduka kwa maji ya moto na jiki, na pasi ikizigusa zinayeyuka. Shanga zilizobandikwa kwa gundi ya moto ziache kabisa. Pitisha ukucha chini yake, utaiona gundi ikiachia.

Kwa makombe 6 yenye shanga tatu kila moja, soksi moja inahitaji shanga 18, jozi 36. Zote hutungwa kwenye uzi kabla ya kuanza kufuma, na fundi mzoefu hutunga 20 kwa kila soksi, kwa sababu ukipungukiwa katikati huwezi kuongeza bila kukata uzi. Ncha ya uzi ipakwe rangi ya kucha, iachwe ikauke, kisha ikatwe mshazari. Inapita kwenye tundu kama sindano. Kosa la wanaoanza ni kutojua kwamba shanga inayosukumwa wakati wa kufunga fundo huangukia upande wa nyuma wa kazi. Ukifuma ukiitazama nje ya soksi, shanga zote zinaishia ndani na zinasugua ngozi. Mzunguko wa shanga ufumwe upande wa ndani ukikutazama.

Udhaifu wa njia hiyo ni kwamba shanga zote zinategemea uzi mmoja. Ukikatika mahali, zinaanza kudondoka. Dawa yake ni kupitisha uzi wa polista na sindano nyembamba ndani ya shanga zote mara ya pili, na kupiga fundo baada ya kila kombe. Kwenye jozi za dukani ni vigumu kulikuta jambo hili, nami ningelipa zaidi kwa jozi iliyofanyiwa hivyo. Kiwango cha Ulaya cha vitu vya kuchezea, EN 71-1, huvuta kipande kisichozidi milimita 6 kwa nguvu ya nyutoni 50, karibu sawa na uzito wa kilo 5. Soksi si kitu cha kuchezea, lakini mtoto hajui hilo.

Igeuze soksi nje ndani. Mkia wa uzi uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu na kukiziba damu bila mtu kuona, mtoto akaishia kulia tu. Mikia ifichwe ndani ya mshono kwa sentimita 3 na isiishie kwenye vidole. Mshipi wa nailoni haufai hata kidogo, kwa kuwa ncha yake iliyokatwa inachoma.

Na umri una maana. Kuanzia miezi 5 au 6 mtoto hupeleka mguu mdomoni, na shanga ya milimita 3 ikivutwa kwenye pumzi ni hatari kubwa. Soksi za shanga zivaliwe akiwa macho na mtu akimtazama, zivuliwe kabla hajalala. Kwa mtoto aliyefikia umri huo, mwombe fundi aweke vifundo vya uzi mahali pa shanga: cheni tatu zikirudishwa kwenye tundu lile lile. Kwa mbali havitofautiani sana, na bei inapaswa kuwa chini.

Kufua ni kwa mkono, maji ya uvuguvugu, bila kusokota. Anika kwa kubana upande wa vidole. Ukibana mdomo, kibanio huacha kombe moja limelala.