Proksi Haina Ubaya, Mhudumu Ndiye Tatizo

Sikuwa na ugomvi na huduma hii ya proksi, yaani seva ya kati inayopokea maombi ya watu na kuyafikisha kwenye seva yetu, mpaka mhudumu wake aliponiambia kwa simu, "Mzee, intaneti ya huko kwenu Kusini inajulikana."

Seva yetu ya kumbukumbu za mizigo ipo kwenye ghala la korosho Tandahimba, nyuma ya ukuta wa moto (firewall) usioruhusu ombi lolote kuingia kutoka nje, na laini yetu ni ya mtandao wa simu, ambako wateja wengi hugawana anwani moja ya intaneti, hivyo ofisi ya Mtwara mjini haikuwa na njia ya kuifikia. Proksi ya kinyume hulimaliza jambo hilo kwa namna ya kupendeza: seva yenyewe ndiyo inayotoka kwenda nje kupitia poti (mlango wa mtandao) 443, ile ile inayotumiwa na tovuti za kawaida zenye ulinzi wa TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano, na kuliacha handaki, yaani njia ya mawasiliano, wazi, kisha proksi iliyoko nje hupokea maombi ya watu na kuyapitisha humo. Kwa wiki kadhaa niliisifu kwa kila aliyekubali kunisikiliza.

Kisha ripoti ndefu zikaanza kukatika. Orodha ya magunia ilifunguka vizuri, lakini jumla ya msimu, ambayo kompyuta yetu kongwe huihesabu taratibu, iliishia kwenye kosa 504, yaani muda wa kusubiri umekwisha, kila ilipotimia dakika moja, na mnada ulikuwa unakaribia. Ukuta wa moto kama wetu hauandiki 504; hutupa pakiti za data kimya au hukata muunganisho. Kosa hilo huandikwa na proksi iliyochoka kuisubiri seva iliyo nyuma yake, na chini ya ukurasa jina la Nginx, programu inayotumika kama proksi, lilisomeka waziwazi. Nginx, isipoelekezwa vinginevyo, husubiri sekunde 60 tu bila kupokea chochote. Anayeuza huduma hiyo alipaswa kulijua hilo kabla ya kuilaumu Kusini nzima.

Nilimweleza kwa upole, naye akaniamuru nizime kompyuta na kuiwasha. Nilipomwomba aongeze muda wa kusubiri, alijibu kwamba hayo ni mambo ya mafundi, kana kwamba nilipiga kuuliza bei ya korosho, akakata simu.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Baadaye fundi wao mwingine alirekebisha mstari mmoja, ripoti ikatoka, na tangu hapo hata umeme ukikatika na kurudi, handaki hujiunga lenyewe. Basi ziwe nne. Lakini nikiikumbuka ile "inajulikana", nazishusha hadi mbili, ingawa msimu ujao nimekwisha kuulipia.