Kuuza matangazo ukiwa Mwanza: mawakili wa Marekani au maduka ya Makoroboi?
Nimeuza kote kuwili. Marekani, mawakili wanaruhusiwa kujitangaza tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya huko katika kesi ya Bates ya 1977, na wanagombea wateja wa ajali hadi kwenye mabango ya barabarani. Kwetu maadili ya uwakili yanakataza kusaka wateja, hivyo hapa utauza muda wa redio kwa maduka ya Makoroboi na wauza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba.

Kwa kamisheni, mawakili wanashinda mbali. Ila ofisi ya New York ikifunguliwa saa tatu asubuhi, kwetu ni saa kumi au kumi na moja jioni. Unapiga simu hadi usiku, bando na LUKU juu yako, na umeme ukikatika, mteja kashakata simu.

Redio inadai miguu na nauli ya daladala. Tatizo kulipwa: "Njoo kesho kaka, mzigo haujatoka." Nimeambiwa hivyo mara nne na mtu yuleyule, kalkuleta mkononi.

Kama kodi ya chumba inakusubiri mwisho wa mwezi, anza na maduka. Kiingereza chako kikiwa kizuri, na una akiba ya miezi michache, jaribu mawakili.